Kumkomoa bilionea kwa kufunga akaunti ya manunuzi: yaliyonikuta

Wale mnaokumbuka Julai 2021, Jeff Bezos, bilionea mwanzilishi wa duka la mtandaoni la Amazon, alipanda roketi ya kampuni yake mwenyewe akapaa juu dakika chache akarudi, halafu akakaa mbele ya waandishi wa habari na kofia ya kikauboi kichwani, akawashukuru wafanyakazi wa Amazon na wateja wote wa Amazon kwamba nyie ndo mmelipia haya yote. Nadhani alisema kwa nia njema kabisa. Ila mimi yale maneno yalinikaa kooni.

Na mimi hata si mteja wake. Duka la mtandaoni nililokuwa nanunua lilikuwa jingine, jina nalihifadhi, lakini mwenye nalo ni wale wale, hakosi kwenye orodha za matajiri wakubwa zinazotoka kila mwaka, nikajiambia basi na mimi kuna chombo cha anasa mahali fulani nimekichangia bila kujua. Nikaamua nafunga akaunti, sinunui tena kwake hata sindano. Nikatangaza kwenye kundi la WhatsApp, watu wakanipigia makofi, wawili watatu wakasema na wao wanafunga. Naandika haya kwa sababu kila baada ya muda naona watu wanaamka na hasira ile ile wanatangaza tusinunue kwa fulani, na sioni mtu anayerudi kusimulia ilikuwaje baada ya pale.

Kuna upande wa pili mniruhusu niuweke mapema maana ndio uliokuja kunifungua macho. Mimi ni mweka hazina wa kikundi kidogo cha kujitolea. Tunalipia nauli za wagonjwa wanaokwenda hospitali mara kwa mara, wengi wao wa kusafishwa figo, ambao kawaida ni mara 3 kwa wiki, wiki zote, na unaweza kukuta tiba yenyewe imeshalipiwa lakini mtu anashindwa kufika. Kwa hiyo hela za watu zinazoingia mimi naziona zote, kubwa na ndogo, na naona pia zinapoacha kuingia.

Haya, tuanze na kufunga. Kujiunga na ule uanachama wao wa kulipia kila mwezi, ule wa kuletewa mzigo bila gharama ya usafiri, ilikuwa kubonyeza mara moja tu, tena sikumbuki hata kama nilikusudia, nadhani nilikuwa nakamilisha oda. Kutoka ndo kazi. Kitufe cha kujitoa hakikai kwenye ukurasa wa uanachama, kiko huko ndani kwenye mipangilio ya malipo, kimeandikwa kwa kijivu hafifu. Ukikibonyeza inakuja skrini ya kwanza inakuonyesha kwa maandishi makubwa hela ulizookoa tangu ujiunge. Ukipita hapo inakuja ya pili, vipi tukupunguzie nusu kwa miezi michache ufikirie? Ukipita tena inakuja ya tatu ina vitufe viwili, kimoja kinang'aa kimeandikwa "Baki na faida zangu", kingine kijivu kimeandikwa "Endelea kujitoa", na ukiwa na haraka kidole kinakwenda kwenye rangi chenyewe. Changu kilikwenda kwenye rangi. Nikaweka simu chini nikijua nimeshatoka, mwezi uliofuata kadi ikakatwa kama kawaida, nikabaki naishangaa meseji ya benki.

Nilijiona mjinga mpaka siku niliposoma kwamba huu mchezo una historia yake. Marekani ile tume ya serikali inayosimamia biashara na kulinda wateja, FTC, iliishtaki Amazon mwaka 2023 ikisema inawaingiza watu kwenye uanachama wa Prime bila ridhaa yao kamili na kuwawekea vigingi wakitaka kutoka, na kwenye hati ya mashtaka ikatajwa kwamba ndani ya kampuni ile njia ya kujitoa ilikuwa na jina la Iliad, yaani utenzi wa Wagiriki wa kale wa vita virefu visivyoisha. Angalau walikuwa wakweli kwenye kutoa majina. Septemba 2025 Amazon ikakubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi, bilioni 1 faini na bilioni 1.5 za kurudishia wateja, bila kukiri kosa.

Kwa hiyo kama unataka kutoka kwenye duka lolote la namna hii, usifanye ukiwa na hasira usiku. Kaa na nafasi yako. Kwanza pakua risiti za vitu vyenye waranti, mana akaunti ikishafungwa huna pa kuzitoa. Maliza salio la kadi za zawadi na pointi kama unazo. Kama ulinunua vitu vya kidijitali, vitabu vya kusoma kwenye simu, filamu, miziki, jua kwamba vingi ulinunua ruhusa ya kuvitumia ndani ya akaunti yao, ukifunga na vyenyewe vinakwenda, mimi nilipoteza vitabu kadhaa hivyo hivyo na hakuna wa kumlalamikia kwa sababu masharti yalisema hivyo toka mwanzo. Anza na kughairi uanachama, piga picha ya skrini ya mwisho, subiri barua pepe ya uthibitisho. Isipokuja hujatoka, hata kama skrini ilikuaga vizuri. Kufuta kadi peke yake siyo kujitoa, uanachama unaweza kubaki ukawa unadaiwa. Na mwezi unaofuata angalia taarifa ya benki kabla hujaanza kusherehekea.

Nikatoka. Nikajisikia msafi, nisiwadanganye, kuna raha fulani ya kujiona uko upande wa wenye haki na haigharimu chochote.

Halafu nikapata meseji. Kwenye lile duka kulikuwa na dada mmoja anauza vifaa vya kushonea, nyuzi, zipu, vitambaa vya bitana, mtu na mdogo wake tu wanafungasha nyumbani, nilikuwa nanunua kwake miaka. Akaniandikia, "Dada yangu nimeona umepotea, kuna kitu hukuridhika nacho?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba nimesusia duka kwa sababu ya mwenye duka. Akajibu, "Sawa dada, nimekuelewa. Ila mwenye duka hajui kama umeondoka, mimi ndo nimejua."

Nilikaa na ile meseji muda mrefu. Wengi hatujui kwamba haya maduka makubwa sehemu kubwa ya vinavyouzwa mule ndani si vya kwao. Amazon wenyewe wanasema zaidi ya 60% ya vitu vinavyouzwa kwao vinauzwa na wauzaji wa nje, wengi wao wadogo na wa kati, wanaolipa ada ya kila mauzo, ada ya kuhifadhi mzigo, hela ya matangazo ili bidhaa ionekane. Sasa ukiondoka mwenye duka anakosa ada yake, na muuzaji anakosa mauzo mazima. Sisemi kususia ni upuuzi, kuna watu wanasusia kwa mpangilio wakiwa wengi na madai yanayoeleweka na muda maalumu na kampuni inashtuka. Nasema mimi nilivyofanya, peke yangu, bila dai lolote, sikumkomoa niliyemlenga.

Na ukitaka kucheka zaidi, nilihamia kwenye viduka vidogo vyenye tovuti zao, nikaja kuambiwa na mtu wa kompyuta kwamba tovuti nyingi sana duniani, mpaka za serikali na mabenki, zinakaa kwenye mitambo ya kompyuta ya kukodi ya kampuni chache kubwa, na iliyo mbele ni hiyo hiyo ya Amazon, AWS. Mwaka 2024 faida ya uendeshaji ya Amazon zaidi ya nusu ilitoka huko kwenye mitambo, siyo kwenye vifurushi. Kwa hiyo unaweza usinunue kwa Bezos hata kijiko na bado kila ukifungua simu kuna kitu chake kidogo unakigusa. Nilipolijua hilo hasira yangu ikakosa pa kukaa, nikaanza kusoma.

Kitu cha kwanza nilichokuwa sikielewi ni huo utajiri wenyewe uko wapi. Mimi kichwani nilikuwa naona chumba kina hela. Ukweli ni kwamba mwingi ni hisa za kampuni, bei ya hisa ikipanda mtu anaamka tajiri zaidi ya alivyolala, ikishuka anasikika kapoteza mabilioni na chakula cha jioni hakijabadilika. Bezos miaka mingi mshahara wake wa Amazon ulikuwa dola 81,840 kwa mwaka, mshahara tu wa mtu wa ofisini huko kwao. Na sheria ya kodi ya mapato ya Marekani inatoza unapouza hisa kwa faida, usipouza hudaiwi, na ukiwa na hisa nyingi benki inakukopesha kwa dhamana ya hizo hizo hisa, mkopo nao hauhesabiki kuwa mapato, unaishi kwenye mkopo, na ukifa warithi wako wanazipokea hisa kwa bei ya siku hiyo, ile faida ya miaka yote inakuwa haijawahi kutozwa kodi ya mapato. Juni 2021, mwezi mmoja kabla ya ile roketi, ProPublica, chombo cha habari za uchunguzi cha huko, walichapisha taarifa za kodi za matajiri wakubwa wa Marekani, ikaonekana Bezos mwaka 2007 na 2011 hakulipa hata senti ya kodi ya mapato ya serikali kuu, na Elon Musk vivyo hivyo mwaka 2018. Yote kwa njia zinazoruhusiwa.

Hapo ndipo nilipobadilisha msimamo, na najua kuna watakaonikatalia. Hasira yangu ilikuwa halali ila nilikuwa naipeleka kwenye kikapu cha manunuzi, wakati kilichonikera ni sheria, na sheria inabadilishwa na watu wanaopiga kura na kuwasumbua wawakilishi wao, haibadilishwi na mimi kukosa zipu.

Sasa kutoa. Hapa ndo kwenye uchungu wangu hasa.

Kabla hata ya mambo ya roketi kikundi chetu kilikuwa kimesajiliwa kwenye mpango mmoja wa duka la mtandaoni ambapo mteja akinunua kupitia linki yenu basi asilimia kidogo ya bei inakuja kwenu, mteja haongezi chochote. Wazo la mwenyekiti, na mimi nililiunga mkono kwa mikono miwili, nani anakataa hela ya bure? Tukatuma linki kila mahali. Tukawasumbua ndugu, majirani, watu wa kazini, ukinunua pitia hapa, ukinunua pitia hapa. Ilipokuja hela ya kwanza nikaangalia mara mbili nikadhani ni sehemu tu, nyingine inakuja. Ilikuwa yote. Haikutosha nauli ya mgonjwa mmoja kwa wiki moja.

Kwa wasiojua hesabu yake, mpango mkubwa kuliko yote wa aina hii ulikuwa AmazonSmile, ulianza 2013 ukafungwa Februari 2023, na kiwango chake kilikuwa 0.5% ya bei. Yaani mtu anunue vitu vya dola 1,000 ndo taasisi ipate dola 5. Walipoufunga walisema taasisi zilizosajiliwa zimepita milioni 1 na matokeo yametawanyika mno, na wastani kwa kila taasisi haukufika dola 230. Zipo ndogo zilizoumia kweli ulipofungwa, siwabezi.

Lakini udogo wa hela siyo ulioniuma. Kilichoniuma niligundua nikiwa nafunga hesabu za mwaka. Nilikuwa na orodha ya wachangiaji wetu wa kila mwezi, watu wa kawaida, kila mmoja na kiasi chake. Nikaona majina yamepungua. Nikampigia mama mmoja ambaye alikuwa hakosi, mtu mwema sana, nikamuuliza taratibu mama kuna tatizo, vipi hali. Akanijibu kwa furaha, "Mwanangu si nanunua kupitia ile linki yenu! Kila kitu sasa hivi napitia kwenu." Nikashukuru. Nikakata simu. Nikapiga hesabu ya alichokuwa anatoa kila mwezi kwa mkono wake na kinachoweza kuja kupitia manunuzi yake hata akinunua nyumba nzima, nikakosa la kusema. Na hakuwa peke yake. Tuliwapa watu njia ya kujisikia wametoa, wakajisikia wametoa, na wagonjwa wakakosa nauli. Tena mama yule alikuwa ananunua zaidi kuliko zamani, aliniambia mwenyewe, kwa sababu sasa akinunua roho yake imetulia.

Nilimwelezaje? Sikumweleza siku ile, niliona aibu kwa niaba yetu sote. Baadaye tuliwaandikia wote barua fupi, tukaweka tarakimu wazi, linki imeleta hiki, michango yenu ya kila mwezi ilikuwa inaleta hiki, tafadhali rudini. Wengi walirudi, mama naye alirudi, wachache walikasirika wakasema sisi hatuna shukrani. Kama unaendesha kikundi na una linki ya namna hii, iache iwepo haina madhara yenyewe, ila usiitangaze kuwa ni mchango. Sema ni chenji. Na kila robo mwaka linganisha orodha ya wachangiaji wako na ya robo iliyopita, jina kwa jina, usiangalie jumla tu maana jumla inaficha.

Kuna na kile kiboksi cha kwenye malipo, ongeza kidogo kwa wahitaji, wakati mwingine unakuta kimeshawekewa tiki tayari. Watu wengi wanaamini duka linachukua hiyo hela linajipunguzia kodi. Kwa Marekani haiko hivyo, hela ya mteja duka linaipokea kwa niaba ya taasisi tu, haliwezi kujidai ni mchango wake, kama kuna wa kudai punguzo ni wewe mwenye risiti. Lugha ya tangazo ni jambo jingine, duka likitangaza "tumetoa milioni kadhaa" na ndani yake zimo shilingi zako na zangu, hapo una haki ya kunung'unika. Mimi siku hizi naiondoa hiyo tiki, kama nataka kutoa natoa moja kwa moja kwa jina langu nione zimefika.

Baada ya linki kutuangusha tukasema basi tuende kwa wakubwa. Hapa tulipoteza muda mwingi kuliko kwenye kitu kingine chochote. Tuliomba kwenye wakfu wa kampuni moja kubwa, sitaitaja. Fomu kurasa na kurasa, wanataka ripoti ya ukaguzi wa hesabu ambayo kwa kikundi cha ukubwa wetu gharama yake inakaribia hela yenyewe unayoomba, wanataka vigezo vya mafanikio, mafanikio ya nauli ni nini jamani, mtu kafika. Mwisho wakakubali kutupa, lakini si za nauli. Walitaka kutoa fulana zenye nembo yao, na siku ya kupiga picha na ile hundi kubwa ya karatasi gumu, na wagonjwa wawepo. Mzee mmoja wa kikundi chetu, na yeye mwenyewe anasafishwa figo, akauliza kwenye kikao, "Hiyo siku ya picha, nauli ya kuja kupigwa picha nani analipa?" Kikao kikaisha hapo.

Nikajikuta nasoma kuhusu watoaji wakubwa kwa jicho la mtu anayeomba, ni tofauti kabisa na kusoma ukiwa na hasira. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, mwaka 1889 aliandika kwamba anayekufa tajiri anakufa na fedheha, na kweli alijenga maktaba zaidi ya 2,500, lakini mwaka 1892 kwenye kiwanda chake cha chuma cha Homestead wafanyakazi waliogoma wakakutana na walinzi wa kukodi wenye bunduki na watu wakafa. Sasa zile maktaba ni nzuri au mbaya? Mimi nasema ni nzuri, na aliyeuawa Homestead hakuziona zilizojengwa baada yake. Yote mawili ni kweli na sioni sababu ya kuchagua.

Chuck Feeney ndiye aliyenipa shida zaidi kwa sababu nilishindwa kumchukia. Alitajirika kwa maduka ya viwanja vya ndege yasiyotozwa ushuru, akatoa zaidi ya dola bilioni 8, miaka mingi kwa siri, hataki jina lake liwekwe kwenye jengo, akamaliza kabisa akafunga wakfu wake mwaka 2020, akafariki 2023 akiwa anaishi nyumba ya kupanga. Ndiyo, na huyo naye utajiri ulitokana na msamaha wa kodi, najua, mwenyekiti wetu alishanikumbusha.

MacKenzie Scott, aliyekuwa mke wa Bezos, walipoachana 2019 alipata 4% ya hisa za Amazon, tangu hapo ametoa zaidi ya dola bilioni 19, na anachosifiwa na watu wa taasisi ni kwamba hela zake haziji na masharti, tumieni mnavyojua wenyewe. Niliposoma nililia kidogo kwa kweli, baada ya zile fulana. Lakini ndugu wa vikundi vidogo msikae mnaota. Alipofungua mlango wa maombi mwaka 2023 kwa taasisi za Marekani waliomba 6,353, wakapewa 361, na hata kuomba tu ilibidi bajeti yako iwe kati ya dola milioni 1 na milioni 5 kwa mwaka. Sisi hatuoni hata mlango ulipo.

Na ukisikia tajiri ameahidi, tenganisha ahadi na hela iliyofika. Ile Giving Pledge ya mwaka 2010 ya akina Gates na Warren Buffett, kwamba tajiri atatoa angalau nusu ya mali yake akiwa hai au kwa wosia, ni ahadi ya heshima, haina mahakama. Wakfu binafsi Marekani sheria inautaka utoe kama 5% tu ya mali yake kila mwaka. Halafu kuna mifuko mingine ya hisani ambayo mtu akiweka hela leo anapata punguzo la kodi leo leo, lakini hela yenyewe inaweza kukaa humo miaka bila kumfikia mhitaji yeyote na hakuna tarehe ya mwisho. Kwa hiyo kichwa cha habari kikisema fulani katoa bilioni, uliza katoa kwa nani, kwa wakfu wake mwenyewe au kwa watu? Uliza pia ni sehemu gani ya alichonacho. Mwenye bilioni 100 akitoa milioni 100 ametoa sehemu moja ya elfu, sawasawa na mwenye elfu moja akatoa moja. Yule mama wa linki, kabla hatujamharibu, alikuwa anatoa sehemu kubwa kuliko hiyo kila mwezi na hakuna aliyemwandika gazetini.

Siku hizi naishije? Akaunti niliifungua tena, ndiyo, mnaweza kucheka. Bila uanachama, na kadi naiingiza kwa mkono kila mara, ile dakika ya kutafuta pochi imeniokoa na vitu vingi kuliko nidhamu yoyote niliyowahi kujiwekea. Amazon waliipatia hataza, yaani haki ya kipekee ya kuitumia, ile teknolojia ya kununua kwa kubonyeza mara moja mwaka 1999, wanajua thamani ya kutokukupa muda wa kufikiri, basi na mimi najipa. Kikapu kinalala usiku, asubuhi nusu yake nafuta. Yule dada wa nyuzi nanunua kwake moja kwa moja kwa simu, nilimuuliza tu kama inawezekana akasema inawezekana kwa mzigo ambao hakuuorodhesha dukani, maana maduka mengi yanawakataza wauzaji kuwahamisha wateja, kwa hiyo ulizeni kwanza msije mkamponza mtu akafungiwa.

Kutoa nimekuweka kwenye benki, tarehe ile ile ya kila mwezi, hakuna uhusiano wowote na ninachonunua wala na hasira za wiki hiyo. Na kama unataka kuanza kutoa kwa kikundi chochote kidogo, sikiliza ya mweka hazina: kidogo cha kila mwezi kinatusaidia kuliko kikubwa cha mara moja, kwa sababu mgonjwa anaenda kila wiki na mimi nataka nimwambie Jumatatu kwamba Ijumaa ipo. Usituwekee masharti ya matumizi kama unatuamini, na kama hutuamini usitupe kabisa, omba hesabu kwanza. Anayekataa kukuonyesha hesabu mwache.

Ile kampuni ya fulana walirudi mwaka jana, watu wapya ofisini, maneno mazuri zaidi. Tulibishana kweli kweli kwenye kikao, wengine wanasema hela ya mtu anayewabana wafanyakazi wake hatuigusi, wengine wanasema mgonjwa haulizi nauli imetoka wapi, na mimi nilikuwa na hawa wa pili ingawa zamani ningekuwa na wale wa kwanza. Tukapiga kura, ikapita kwa shida, tukawaandikia kwamba tunapokea kwa masharti mawili, hela iwe ya nauli, na hakuna mgonjwa anayepigwa picha. Hadi naandika haya hawajajibu.